Kushindwa na Nani? Fani ya Habari za Kushindwa katika Magazeti ya Wakati wa Vita

Utangulizi

Katika semina moja ya uhakiki, mwenzetu mmoja alitoa kauli ambayo wengi tuliipigia makofi. Alisema magazeti ya wakati wa vita hayana haja ya kuhakikiwa kwa vigezo vya fasihi, kwani hayo ni propaganda tupu. Propaganda ni uongo, na uongo hauchambuliwi, unakanushwa tu. Nami nilipiga makofi. Baadaye, nikiwa njiani kurudi bwenini, nikaona kwamba tulikubaliana haraka mno. Makala haya ni jaribio la kuyarudisha makofi yangu.

Nianze na lugha yetu wenyewe, maana hapo ndipo swali langu lilipozaliwa. Kitenzi "kushindwa" kimo katika kauli ya kutendwa. Mzizi wake ni -shind-, na kile kiambishi -w- kinadai mtendaji. Mtu akikwambia "tumeshindwa", sikio halitulii mpaka lijibiwe: na nani? Ndivyo tunavyoulizana hata kuhusu mpira. Mtu akiingia bwenini Jumapili jioni akasema "tumefungwa", hakuna anayeishia hapo. Utasikia, tumefungwa na nani, mangapi, kipa alikuwa wapi? Hata tukisema "nimeshindwa kuja", maana yake lipo jambo lililonishinda. Kwa Kiswahili, basi, anayekiri kushindwa amekwisha fungua mlango wa maswali.

Sasa hebu tuyachukue magazeti ya nchi iliyo vitani, siku jeshi lake linapopigwa. Hapo utaona kwamba mwenzetu alikosea. Uongo wa moja kwa moja upo, lakini haudumu. Majeruhi wanarudi, barua zinafika, redio ya adui inasikika usiku. Kuficha kabisa ni kazi ngumu. Kwa hiyo gazeti hufanya kazi ya msanii. Huichukua habari ya kushindwa na kuipa utanzu mwingine, utanzu ambao ndani yake swali la "na nani?" au "kwa kosa la nani?" linaonekana kuwa utovu wa adabu. Hoja yangu ni kwamba kila utanzu wa namna hiyo una mtu wake ambaye hauna nafasi naye. Kazi ya mhakiki ni kumtafuta mtu huyo. Nitapitia tanzu nne: kimya, tasifida, utenzi na ngano.

Kimya: Tanga, 1914

Nianzie nyumbani. Novemba 2, 1914, meli za Waingereza zilifika mbele ya bandari ya Tanga zikiwa na kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka Uhindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Wengi wao walikuwa askari wa Kihindi. Walioilinda Tanga, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari wa Kiafrika. Baada ya siku tatu za mapambano Waingereza walirudi melini, wakiacha nyuma bunduki, bunduki za rashasha na mamia ya maelfu ya risasi. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walizidi 800.

Je, msomaji wa gazeti wa London aliambiwa nini? Kwa miezi kadhaa hakuambiwa kitu. Serikali iliizuia habari. Kwa macho ya kawaida hapo hakuna cha kuhakiki, kwa kuwa hakuna matini. Lakini sisi tuliofundishwa kwamba hata mahali msimulizi anaponyamaza ni sehemu ya usimulizi hatuwezi kuridhika hivyo. Kimya kile kilikuwa na umbo lake. Kurasa hazikuachwa tupu. Zilijazwa habari za vita vya Ufaransa na Ubelgiji, na Afrika Mashariki ikawa mahali ambapo hakuna linalotokea. Msomaji hakujua kuwa anafichwa jambo, na kimya ambacho msomaji hakijui ndicho kimya kilichokamilika.

Habari ilipotoka, ilitoka pamoja na mhusika mpya: nyuki. Nyuki walikuwapo kweli. Mizinga iliyokuwa mitini ilipigwa risasi, makundi yakatoka, yakauma watu wa pande zote mbili. Lakini tazama kazi waliyopewa katika masimulizi ya baadaye, hata vita vyenyewe vikaitwa kwa Kiingereza Vita vya Nyuki. Ukiuliza "mlishindwa na nani?", jibu lipo tayari na linachekesha: na nyuki! Kiambishi -w- kimepata mtendaji, na huyo mtendaji si askari wa Kiafrika aliyesimama penye reli na bunduki yake, wala si jenerali aliyeshambulia bila kupeleleza. Hiki ni kiini macho cha kisarufi. Mtendaji bandia amewekwa mahali pa mtendaji halisi.

Nani basi hakupata nafasi katika kimya hiki? Ni askari wa Kihindi aliyekufa kwenye mashamba ya Tanga, ambaye kwa miezi ile kifo chake hakikuwa na vita vya kufia. Na upande wa pili ni askari mweusi aliyeshinda, ambaye hata katika historia za ushindi ule jina linalotajwa ni la mkubwa wake.

Tasifida: Japani na Misri

Kimya hakifai kila mahali. Nchi nzima inapokuwa imeyaelekeza macho kwenye jambo, ni lazima pasemwe kitu. Hapo ndipo inapokuja tasifida, yaani lugha ya kulainisha.

Mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote ni wa Japani. Juni 1942, katika vita vya Midway, Wajapani walipoteza meli nne za kubebea ndege: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Tangazo la Makao Makuu ya Kifalme, ambalo magazeti yalilichapa, lilikiri kuzama kwa moja na kuharibiwa kwa nyingine, na likadai kwamba meli mbili za aina hiyo za Marekani zimezamishwa, wakati iliyozama ilikuwa moja, Yorktown. Mabaharia waliojeruhiwa walitengwa hospitalini ili wasizungumze na watu. Mpaka hapo ni uongo wa hesabu, na mwenzetu wa semina angefurahi.

Lakini mwaka uliofuata jambo likabadilika. Mwanzoni mwa Februari 1943 Wajapani waliwaondoa watu wao wapatao 10,600 katika kisiwa cha Guadalcanal, baada ya wengine zaidi ya 20,000 kufa, sehemu kubwa kwa njaa na maradhi. Februari 9 tangazo likatolewa. Halikusema kwamba kisiwa bado kimeshikwa. Lilisema majeshi, baada ya kutimiza lengo lao, yamefanya "tenshin". Neno hilo limeungwa kwa viini viwili: kugeuka na kusonga mbele. Yaani jeshi limegeuza mwelekeo, kisha likaendelea mbele.

Jamani, huu ni usanii. Ukilitazama neno lenyewe, uongo wake ni mdogo. Jeshi kweli liligeuka, na kweli lilisonga. Kilichobadilika ni kwamba kitenzi cha kutendwa kimegeuzwa kuwa kitenzi cha kutenda. Hakuna tena "tumefukuzwa", "tumeondolewa", "tumeshindwa", kuna "tumegeuka". Mtendaji ni sisi. Adui ametoweka katika sentensi, na alipotoweka yeye, swali la "na nani?" likakosa pa kukaa. Nadhani ndiyo maana neno lile lilihitajika zaidi kuliko takwimu za kubuni. Takwimu hukanushwa na takwimu nyingine, ilhali huwezi kukanusha kwamba mtu amegeuka.

Mfano wa pili ni wa Misri. Juni 5, 1967, jeshi la anga la Misri liliangamizwa kwa sehemu kubwa likiwa bado viwanjani, katika saa chache. Siku hiyo na zilizofuata, redio na magazeti ya Cairo yaliwatangazia watu ndege nyingi za Israeli zilizodunguliwa. Kisha Juni 9 Gamal Abdel Nasser akatangaza kujiuzulu, na hotuba yake iliandikwa na Mohamed Hassanein Heikal, mhariri wa gazeti la Al-Ahram. Ndani yake mlikuwa na neno ambalo lilikuja kuwa jina la vita vile kwa Waarabu wengi: "naksa".

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani neno hili ni ndugu wa "nakisi" yetu. Sivyo, mizizi yake ni tofauti. Naksa inatumika kwa mgonjwa aliyekuwa akipata nafuu kisha akazidiwa tena. Tazama istiari hii inavyofanya kazi. Taifa ni mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri. Maradhi hayana jemadari, hayana waziri wa ulinzi, hayana ndege zilizoachwa uwanjani bila kinga. Na mgonjwa aliyezidiwa anahitaji nini? Anahitaji kuuguzwa, hahojiwi. Mtu anayesimama mbele ya kitanda cha mgonjwa na kuuliza "kosa ni la nani?" ataonekana hana utu. Istiari moja imefanya kazi ya kikosi kizima cha wakaguzi wa habari.

Anayeachwa nje na tasifida ni yule mwenye mwili. Aliyekufa njaa Guadalcanal hakugeuka wala hakusonga. Askari wa Misri aliyekatiza jangwa la Sinai kwa miguu, bila maji, hakuwa seli moja ya mwili wa mgonjwa. Alikuwa na kiu yake mwenyewe.

Utenzi: Stalingrad

Sasa nafika kwenye utanzu ulionisumbua zaidi. Wakati mwingine kushindwa ni kukubwa mno hata tasifida haikutoshi. Ndipo gazeti linapopanda jukwaani na kuanza kuimba.

Jeshi la Sita la Ujerumani lilizingirwa Stalingrad Novemba 1942. Kwa wiki nyingi wasomaji wa Ujerumani hawakuambiwa kwamba limezingirwa. Januari 30, 1943, Hermann Göring alitoa hotuba akiwafananisha askari wale na Leonidas na Wasparta wake pale Thermopylae, na pia na mashujaa wa utenzi wa kale wa Kijerumani wa Wanibelungi, waliopigana mpaka mwisho ndani ya ukumbi unaowaka moto. Walikuwapo askari waliosikia hotuba hiyo redioni huko huko Stalingrad. Fikiria, msomaji: unasikiliza matanga yako mwenyewe huku ukiwa hai.

Katika siku hizo hizo Hitler alimpandisha cheo kamanda wao, Friedrich Paulus, akawa Jemadari Mkuu. Hakukuwa na Mjerumani wa cheo hicho aliyewahi kujisalimisha, na kila mtu alielewa maana ya zawadi ile. Ilikuwa ni nafasi katika utenzi, na shujaa wa utenzi alitakiwa afe. Paulus alijisalimisha Januari 31. Februari 2 waliobaki nao wakaweka silaha chini. Warusi walitangaza mateka 91,000, wakiwemo majenerali 24.

Februari 3 redio ya Ujerumani ilitoa tangazo maalumu, likiwa na muziki wa maombolezo, na majumba ya maonyesho na sinema yakafungwa kwa siku tatu. Kesho yake gazeti la chama, Völkischer Beobachter, lilibeba kichwa cha habari kilichosema kwamba wamekufa ili Ujerumani iishi. Angalieni: kushindwa hakukufichwa hata kidogo. Kulipewa ukurasa wa mbele, ngoma na siku tatu. Lililofichwa ni jambo moja dogo, kwamba watu 91,000 walikuwa hai.

Hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Kwa nini wawe wamekufa? Kwa mantiki ya kawaida, habari kwamba maelfu ya vijana wako hai ni habari njema. Mama yeyote angeipokea kwa kupiga vigelegele. Lakini utanzu uliochaguliwa hauna mahali pa kuwaweka. Huwezi kuimba habari za Leonidas kisha ukaongeza beti kwamba Leonidas yuko kambini, amechoka, ana chawa na anaomba mkate. Aliye hai anaubomoa utenzi. Kwa hiyo fani ikaamua maudhui: utenzi ulihitaji maiti, na watu hai wakahesabiwa kuwa maiti. Tumezoea kuandika katika mitihani yetu kwamba fani na maudhui haviwezi kutenganishwa; sikujua kwamba kanuni ile inaweza kuua.

Na haikuishia katika karatasi. Barua na kadi ambazo mateka waliandika kutoka Urusi zilizuiwa na wakuu wa Ujerumani zisiwafikie jamaa zao. Redio ya Moscow ilikuwa ikisoma majina ya mateka, lakini kusikiliza redio ya adui kulikuwa ni kosa la jinai tangu 1939. Mama wa Kijerumani alibaki na matini mbili mkononi. Ya kwanza, iliyo halali na yenye muziki, inasema mwanao ni shujaa, amekufa. Ya pili, iliyokatazwa, inanong'ona gizani kwamba mwanao yu hai. Na wapo waliomsikia mwana wa jirani akitajwa wakawa wanapeleka habari kwa barua zisizo na jina. Ukiniuliza ipi kati ya matini hizo ilikuwa na utu, nitachagua ile orodha kavu ya majina, isiyo na tamathali hata moja, ingawa nayo ilisomwa kwa faida ya Moscow. Kati ya wale 91,000, waliorudi makwao hawakuzidi sana 5,000 au 6,000, wa mwisho wakirudi mwaka 1955.

Miezi minne baada ya Stalingrad, Wajapani nao walifika hapo hapo. Mei 1943 kikosi chao katika kisiwa cha Attu kiliangamia, na tangazo la Mei 30 likatumia neno "gyokusai", yaani kuvunjika kwa kito. Neno hili linatoka katika maandiko ya kale ya Kichina, kwenye wazo kwamba ni heri kuwa kito kilichovunjika kuliko kigae kilicho kizima. Waliotekwa hai Attu hawakufika 30, kati ya watu zaidi ya 2,000. Hao ndio vigae. Istiari nzuri kiasi hiki ina ukatili wake: imekwisha kumwita aliyenusurika kitu cha kuezekea paa.

Ngano ya wokovu: Dunkirk

Msomaji mwangalifu atasema: wewe umechagua tawala za kidikteta, na unawachekea Waingereza kwa habari ya nyuki tu. Haya, twende Dunkirk.

Kati ya Mei 26 na Juni 4, 1940, watu 338,226 waliokolewa kutoka pwani ya Ufaransa baada ya majeshi ya Uingereza na Ufaransa kuzidiwa. Waliacha nyuma mizinga, magari na karibu kila kitu kizito. Kijeshi lilikuwa ni pigo kubwa. Lakini magazeti ya Uingereza, na redio pia, yaliifanya ngano. Ngano ina bahari, ina mnyonge, ina msaidizi asiyetarajiwa. Msaidizi huyo ni mashua ndogo: mashua za wavuvi, za matembezi, za wazee wastaafu. Juni 5 mwandishi J. B. Priestley alizungumza redioni juu ya meli ndogo za starehe zilizokwenda vitani, na picha hiyo haijafutika mpaka leo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya askari walibebwa na manowari na meli kubwa, na mashua nyingi zilifanya kazi ya kuwasogeza kutoka ufukweni. Lakini manowari si mhusika wa ngano. Sungura ndiye mhusika wa ngano.

Lazima nikiri kwamba ngano hii haifanani na utenzi wa Stalingrad. Kwanza, Juni 4 waziri mkuu mwenyewe, Winston Churchill, alisimama bungeni akaonya kwamba wokovu ule usivalishwe mavazi ya ushindi, na akalitaja lililotokea Ufaransa kuwa ni balaa la kijeshi. Pili, ngano ya wokovu inamtaka mtu hai. Askari aliyerudi, mchafu, bila bunduki, alipewa chai stesheni na picha yake ikatoka gazetini. Utanzu uliompokea kijana akiwa hai si sawa na utanzu uliomzika akiwa hai. Nadhani tofauti hiyo ndiyo kipimo tunachokitafuta.

Hata hivyo, ngano nayo ina watu wake wasiotakiwa, nao ni wale ambao mashua haikuwafikia. Juni 12, 1940, sehemu kubwa ya Divisheni ya 51 ya Waskochi ilitekwa Saint-Valery-en-Caux, siku chache tu baada ya "muujiza". Juni 17 meli ya Lancastria ilizamishwa karibu na Saint-Nazaire ikiwa imejaa watu wanaokimbia. Waliokufa hawakupungua 3,000. Habari hiyo ilizuiwa, na Waingereza waliisoma tu baada ya magazeti ya Marekani kuichapa mwishoni mwa Julai. Kwa nini? Kwa sababu ngano ilikwisha kusema meli zinaokoa. Meli inayozama na watu wake inaharibu ngano.

Je, mwandishi angefanya nini?

Nimejiuliza sana swali hili, maana ni rahisi kuwa mhakiki ukiwa umekaa maktabani. Nchi iko vitani, wazazi wanasubiri, adui anasoma gazeti lako. Mwandishi angefanya nini?

Yupo aliyejibu. Februari 23, 1944, gazeti la Mainichi la Tokyo lilichapa makala ya mwandishi Shinmyo Takeo. Hakufichua siri yoyote ya kijeshi. Alichosema ni kwamba vita vimefika pabaya, na kwamba mikuki ya mianzi, ambayo raia walikuwa wakifundishwa kuitumia, haiwezi kupigana na ndege, zinahitajika ndege. Waziri mkuu Tojo Hideki alighadhibika. Toleo likapigwa marufuku, na Shinmyo, mtu wa miaka 37, akaitwa jeshini kama askari wa kawaida.

Kosa lake lilikuwa nini hasa? Wasomaji wengi walikwisha hisi hali ilivyo. Kosa lake, naona, lilikuwa la utanzu. Katikati ya utenzi aliingiza lugha ya fundi: hiki hakitoshi, leteni kile. Sentensi ya fundi ina sababu na matokeo, kwa hiyo ina mtu wa kuulizwa. Mkuki wa mwanzi ni taashira nzuri ukiwa umebaki kuwa taashira. Yeye aliugeuza ukawa mwanzi tu.

Wapo watakaosema basi tatizo ni fasihi yenyewe, na kwamba habari za kushindwa ziachwe kwa orodha na takwimu. Hapana, sikubali. Pwani yetu ina kumbukumbu ya kushindwa iliyoandikwa kwa utenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, vita vilivyokwisha kwa watu wa pwani kupoteza nchi na Abushiri kunyongwa Pangani Desemba 1889. Ni utenzi uliotungwa upande wa walioshindwa, wenye mashujaa na sifa kama tenzi nyingine, lakini humfikisha msomaji mpaka mwisho na hamfichi aliyekuja kutamalaki. Haukutungwa kwa amri ya makao makuu ya jeshi lolote. Kwa hiyo hatia si ya utenzi. Utenzi unaweza kulibeba swali la "na nani?" ikiwa anayeuagiza haliogopi.

Hitimisho

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tumezoea kuipeleka uwanja wa mpira, kumtuliza aliyefungwa. Nikiisoma sasa naona inamlenga zaidi anayetangaza matokeo. Kukubali kushindwa si kutamka neno. Berlin walitamka, kwa ngoma na siku tatu za maombolezo. Kukubali ni kuikamilisha sentensi: tumeshindwa, na fulani, kwa sababu fulani, na hawa hapa ndio waliobaki, majina yao ni haya.

Kwa wenzangu wa semina, basi, napendekeza tusiishie kuyaita magazeti haya uongo tukafunga mjadala. Tuyahakiki, na tuwe na maswali matatu. Mtendaji wa kitenzi ni nani, na je, ni mtendaji halisi au ni nyuki? Utanzu huu umechaguliwa na nani? Na la tatu, ambalo ni zito kuliko mengine: nani akigonga mlango wa matini hii akiwa hai, mwandishi atalazimika kumfungia nje?

Katika chumba changu bwenini kuna mwenzangu anayesoma sayansi. Nilimsomea rasimu ya makala haya, akanisikiliza mpaka kwenye ule mkasa wa Stalingrad, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo wale mama zao walijuaje?" Sikuwa na jibu zuri zaidi ya lile nililoandika: wengine walijua gizani, kwa redio iliyokatazwa, na wengine walisubiri mpaka 1955. Alinyamaza, akarudi kwenye daftari lake. Swali lile la mwanasayansi ndilo lingekuwa kichwa cha habari, kama pangekuwa na gazeti la kukichapa.